Sarafu ya Pande Saba

Jumapili, saa mbili asubuhi, mjini Hull,
duka la kufulia la mtaa wa Spring Bank.
Vioo vimetoka jasho. Bi Maureen wa zamu
anapiga deki miguuni petu bila kutuambia tunyanyue,
nasi tunanyanyua.

Zawena ana daftari gotini na swali la nne:
pembenyingi sawa zipi zina pande sambamba?
Rula ameisahau nyumbani. Natoa mfukoni
akiba ya kukaushia: pauni mbili
na sarafu moja ya peni hamsini.

"Chora kwa hizi," namwambia.
Penseli inaizunguka pauni: pande kumi na mbili,
fupi kama meno ya utotoni.
Anaweka kidole huku, kidole kule.
Huu una mwenzake. Huu una mwenzake.
Jozi sita, hakuna aliyebaki mlangoni.

Kisha ile ya pande saba, zilizobenuka kidogo;
tunazisamehe.
Anaigeuza, anainusa (mambo yake),
anaichora mara ya pili pembeni.
"Baba, ubavu huu unatazama kona.
Na huu, kona. Zote zinatazama kona.
Hii ilikosewa?"

Chuoni Pangani, kabla sijajua kujumlisha,
nilijua shufwa na witiri.
Shufwa ni viatu, ni macho, ni vipande vya mshororo
vinavyokwenda nane kwa nane bila kugusana.
Witiri ni ile rakaa ya mwisho wa usiku,
inasimama peke yake, na ndiyo inayofunga.

"Haikukosewa," nasema. "Ikunje."
Anachana karatasi, anakunja kutoka kona
hadi katikati ya ubavu wa ng'ambo:
nusu inalala juu ya nusu, hakuna ncha inayochungulia.
Anakunja tena, na tena. Mikunjo saba,
yote inapita kitovu kimoja.
Haina sambamba hata moja,
na bado hakuna upande ulioonewa.

Mimi nimebaki na neno sambamba.
Mchana niko kiwandani, nagongomea kuta za karavani;
usiku mama yake yuko nyumba ya wazee,
anageuza migongo ya watu isichubuke.
Mwaka wa tatu huu tunakwenda njia moja,
umbali ule ule, kitanda kile kile kwa zamu,
ninakiacha na joto, ninakikuta na joto.
Waliosema sambamba hazikutani
hawakusema kama huwa zinapungiana mkono.

Zawena anaandika:
Zenye pande shufwa, ndiyo. Zenye witiri, hapana.
Sababu: zungusha nusu. Pauni inarudi vile vile,
ya saba inasimama kichwa chini.
Anafuta "kichwa chini", anaandika "miguu juu",
anarudisha "kichwa chini".

Mlango unalia. Mwanatumu, moja kwa moja kutoka kazini,
sare ya zambarau, mvua mabegani.
Anajipenyeza. Watatu kwenye benchi la wawili.
Pembetatu: witiri ndogo kuliko zote
zinazoweza kufunga umbo.
Mtoto ni ubavu,
na ubavu, kama tulivyoona, hutazama kona,
yaani mahali wawili wanapokutana.

Sisemi. Maneno kama haya
yakisemwa penye kufulia hunuka sabuni.

Mashine inadai. Zawena anatanguliza ile ya pande saba,
na kumbe inabingirika laini kama duara,
upana wake ni mmoja popote uishikapo.
"Umefika la ngapi?" mama yake anauliza,
macho amekwisha kuyafumba.
"La tano. Pembetisa."
"Hiyo nayo ina nini?"
"Ngoja," anasema, na kutafuta kifutio
chini ya benchi, kwenye maji ya Bi Maureen.